Daftari la Sindano

Koti la kazi la Mama Kola lilikuwa na vifungo saba, na asubuhi hiyo alishindwa kufunga hata kimoja.

Si kwamba hakujaribu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akainamisha kichwa, akakikodolea macho kifungo cha juu. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa pale pale, anaviona, vimekishika kifungo. Ila habari za kukishika hazikumfikia. Akisukuma, kinateleza. Akibana, kumbe amebana nguo. Huyu ni mwanamke aliyeshona kola za mashati miaka kumi na mmoja, mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika kiwandani na baadaye mtaani, akabaki Mama Kola. Leo kifungo kinamshinda, kifungo cha koti lake mwenyewe.

"Lete, mama," alisema binti yake.

Binti alikuwa na miaka kumi na minne na sare ya shule ilikuwa tayari mwilini. Alipiga magoti akafunga vyote saba haraka haraka, bila kumtazama mama yake usoni, kwa sababu walikubaliana kwamba jambo hilo halizungumzwi. Kisha akachukua kitana mezani. Kitana hicho hakikuwa na kazi nyingine tena humo ndani. Nywele za mama zilikwisha kwenye dripu ya pili.

"Fumba macho."

"Nitachelewa."

"Fumba tu. Nimegusa kidole kipi?"

Mama Kola alifumba macho, akasubiri, akatega mwili mzima. "Hicho cha kati."

"Sijagusa bado, mama."

Hakuna aliyecheka. Mama Kola alifumbua macho, akasema alikuwa anamtania tu, kwani yeye hajui utani? Binti alirudisha kitana mezani na kuanza kumfunga plasta. Kucha zilikuwa zimegeuka nyeusi, mbili zimeanza kubanduka kwenye nyama na kutoa harufu. Mshonaji mwenye plasta moja si ajabu, na mwenye plasta saba anahitaji maelezo, lakini maelezo alikuwa nayo: fangasi, sabuni hizi za siku hizi ni sumu. Alikunywa chai iliyopoa kwa upande wa kulia wa mdomo, ambako vidonda vilikuwa vichache. Ilikuwa na ladha ya msumari, kama kila kitu.

Dripu nne zilikuwa zimeingia. Zilibaki mbili, na ya tano ilikuwa Alhamisi, keshokutwa. Daktari alikuwa amebonyeza titi la kushoto, akabonyeza tena, akasema uvimbe umenywea sana, ila dawa hii haikatishwi njiani, ikikatishwa unarudi umekasirika. Alisema hivyo hivyo, umekasirika. Mama Kola aliondoka na neno hilo moyoni, na tangu siku hiyo shida yake duniani ikawa moja tu: kufika dripu ya sita.

Na kufika huko kulitegemea kadi ya bima. Kadi ilikuwa ya kiwanda. Ukiwa kwenye orodha ya wafanyakazi, pale dirishani hospitali kadi inasoma. Ukitolewa kwenye orodha, haisomi, na huna wa kumlaumu, kwa maana anayekuambia ni mashine. Siku za ugonjwa alizimaliza zote kwenye dripu ya pili, alipotapika siku sita mfululizo. Kwa hiyo ilibidi afanye kazi ili apate dawa, na dawa nayo ilikuwa inamnyang'anya mikono ya kufanyia kazi. Alishawaza jambo hilo kwa kila upande, akaliacha lilivyo.

Kila dripu, nesi alimuuliza maswali yale yale kutoka kwenye karatasi.

"Ganzi ya vidole, mama?"

"Hakuna, sista."

"Hata kidogo? Dawa hii kawaida yake inaleta. Ukisema mapema, daktari anapunguza dozi au anakubadilishia. Ukichelewa, ganzi nyingine haiondoki."

"Vidole vyangu vizima. Hivi ni vya kazi."

Nesi akaweka alama kwenye hapana.

Nesi wa watu hakujua kwamba fomu ile ya hospitali ilipita kwanza ofisi ya utumishi kiwandani, igongwe muhuri, ndipo bima ikubali. Na Afisa Utumishi hakuwa mtu wa kugonga muhuri bila kusoma. Mwaka uliotangulia, fundi mmoja wa kukata vitambaa alimwambia daktari ukweli wake, kwamba anapata kizunguzungu. Fomu ikaandikwa kizunguzungu. Jumatatu iliyofuata hakuwepo. Wenzake waliambiwa mtu wa kizunguzungu hawezi kuachiwa kisu cha umeme, wakatikisa vichwa wakaona ni kweli. Mama Kola naye alitikisa kichwa.

Mlango wa kuingilia ukumbi wa cherehani ulikuwa na ubao mkubwa: SIKU 212 BILA AJALI. Mtu hukatika nyama pale, hujichoma, huungua kwa pasi ya mvuke, lakini hiyo haikuitwa ajali. Iliitwa uzembe, na uzembe haukuwa na ubao.

Laini ya tatu ilishona mashati meupe ya watoto wa shule, ya kupelekwa nje. Mama Kola alishona kola, akamsukumia Mama Pacha wa cherehani ya pili, naye akaziunga kwenye shati. Kola haishonwi kwa macho, macho huchelewa. Ni vidole vinavyojua kitambaa kinageuka wapi. Sasa alijifunza upya kushona kwa macho, ameinama mpaka shingo inawaka, na kola zilipopungua Mama Pacha alinyoosha mkono akachukua tano sita akazimalizia yeye, huku akiimba puani ili msimamizi asishtuke.

"Shoga, umelala na nani jana?" alimnong'oneza asubuhi hiyo. "Macho mekundu hivyo."

"Na ndoo."

"Ndoo haina shida. Haiulizi chakula."

Mama Kola alicheka, na vidonda vikamchana mdomoni.

Saa nne kasorobo kichefuchefu kilimpanda. Alimeza mate, akafumba macho kwa muda wa kuvuta pumzi moja, mguu ukiwa bado kwenye pedali. Akasikia sauti, tak, ndogo kavu. Kila mshonaji anaijua. Alifumbua macho, akaona kipande cha juu cha sindano bado kimebanwa kwenye cherehani, na cha kati kimelala juu ya bamba. Cha chini, chenye tundu na ncha, hakikuwepo. Kidoleni alihisi kitu kama kuguswa kupitia godoro, hakukipa maanani. Siku hizi vidole vyake vilikuwa vinamletea uongo mwingi.

Akainua mkono. Ndiyo sheria. Pale kiwandani sindano ina heshima kuliko mtu. Ikivunjika, laini nzima inasimama, watu wote ishirini na wanane, na hakuna anayeshona wala kwenda kula mpaka vipande vyote vipatikane na kubandikwa kwa selotepu kwenye Daftari la Sindano. Wanunuzi ndio walioitaka sheria hiyo. Wanasema, na mtu angesema nini, kwamba ncha ikibaki kwenye kola itamchoma mtoto shingoni.

Msimamizi alikuja na saa yake shingoni, ile ya kubonyeza. Wote walimwita Bwana Dakika, mwenyewe akiwa hayupo.

"Vipande vingapi?"

"Viwili. Cha chini sijakiona."

"Tafuta."

Walitafuta. Walipitisha sumaku sakafuni. Walikung'uta kola moja moja. Huku nyuma watu wakaanza kunung'unika, kwanza kwa utani: Mama Kola, ile sindano umeila? Mama Kola, tuambie, matumbo yetu yanasikia njaa. Baadaye utani ukaisha. Kuna mwanamke alisema kwa sauti ya kusikika kwamba wengine wakiumwa wakae nyumbani, wasiwatese wenzao. Mama Pacha alimgeukia akamtazama mpaka akainamisha uso.

Bwana Dakika akaenda kumleta Mbwa. Mbwa ni kile kifaa cha kunusia chuma, bapa, chenye mpini kama mwiko. Kikiona chuma kinabweka. Alimpitisha juu ya kila fungu la kola, polepole, hajali kwamba muda unakwenda, kwa sababu huu ndio muda pekee ambao hakuruhusiwa kuuharakisha. Mbwa alinyamaza. Akampitisha kitini, mezani, kwenye sanduku la nyuzi. Kimya.

"Simama," alimwambia Mama Kola.

Akampitisha mabegani, kifuani, mifukoni. Alipofika mkono wa kushoto, Mbwa akabweka.

"Vua pete."

"Sina pete." Ilikatwa na sonara, vidole vilipovimba.

"Vua plasta."

"Mwache mwenzio," alisema Mama Pacha. "Ana fangasi huyo."

"Fangasi hazibweki."

Watu walicheka, walikuwa wamechoka na walitaka kucheka. Mama Kola hakuweza kubandua plasta, vidole vilishindwa kukamata ukingo, basi Bwana Dakika akambandulia mwenyewe. Kicheko kikakatika. Ukucha wa kidole cha shahada ulikuwa mweusi, umeinuka upande mmoja, na ubavuni mwake kulichomoza kipande cha chuma kinachong'aa. Damu iliyozuiwa na plasta ikaanza kuja, nyepesi, haikomi.

Mama Pacha alijifunika mdomo. "Na hukusikia?"

Hapo ndipo Mama Kola alipojua amekosea. Alipaswa kupiga kelele tangu mwanzo. Mshonaji akichomwa hupiga kelele, anaruka, anatukana. Kulia ndiko kungemwokoa. Akakunja uso na kusema, "Uwi," lakini ilikuwa imechelewa na ilitoka vibaya, kama mtoto anayejifanya anaumwa ili asiende shule. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Chumba cha huduma ya kwanza kilikuwa stoo. Mtunza stoo ndiye aliyekaa na sindano mpya, nyuzi, daftari, na chupa ya dawa ya vidonda. Aliosha koleo kwa spiriti.

"Vumilia, mama. Itauma."

"Sawa."

Afisa Utumishi alikuwa ameshaitwa. Alisimama mlangoni, mwanamke nadhifu, mpole, ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti. Mtunza stoo alivuta. Mama Kola alikuwa anaangalia damu isidondoke kwenye koti, akasahau kukunja uso.

"Haikuumi, dada yangu?" aliuliza Afisa.

"Inauma."

"Wapi?"

Ilimbidi aangalie kidole ndipo ajibu.

Afisa alivuta kiti akakaa mbele yake, akauchukua ule mkono wa kulia kwa upole kabisa, akambandua plasta tatu moja baada ya nyingine, akazitazama kucha. "Nisaidie kitu kimoja. Angalia ile kalenda ukutani. Niambie nimegusa kipi."

Mama Kola aliangalia kalenda. Akakumbuka asubuhi na kitana, akakumbuka alivyonaswa, na akaona mara hii hatakubali kunaswa tena.

"Hujagusa," alisema.

Akateremsha macho. Kalamu ya Afisa ilikuwa imekita kwenye kidole cha kati, imebonyea ndani, na ilipoondolewa iliacha nukta ya wino wa bluu.

"Tangu lini?"

"Inakuja na kuondoka."

"Dripu ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Na kwenye fomu umeandikisha hakuna. Ungesema mapema, dada yangu, tungekusaidia."

"Fundi wa kukata alisema mapema."

Afisa alikuwa ameshaanza kutafuta karatasi kwenye faili alilokuja nalo.

Mezani, Bwana Dakika, aliyewafuata stoo, alikuwa anaunganisha sindano. Alipanga kipande cha juu, cha kati, na hicho kilichotoka kidoleni, bado kina damu, akakipangusa kwa pamba kwa uangalifu ambao hakuna binadamu wa laini ya tatu aliyewahi kuupata kwake. Akapima kwa rula.

"Haijatimia. Ncha haipo. Kama milimita mbili."

Akamshika Mbwa, akampitisha juu ya kidole. Akabweka. Mtunza stoo alichokoa tena kidogo, damu ikafunika kila kitu, akaacha. "Mimi siioni. Hii mpaka hospitali, wapige picha, wapasue. Na damu yake haigandi huyu. Inua mkono juu, mama, usiushushe."

Mama Kola akainua mkono.

"Mimi nataka kujua jambo moja," alisema Bwana Dakika. "Laini ianze au isianze? Dakika sabini zimekwenda."

"Ncha iko wapi?" aliuliza Afisa.

"Kidoleni."

"Si kwenye nguo?"

"Nguo ziko safi."

"Basi imepatikana."

Bwana Dakika alifikiri kidogo, akaona ni kweli. Akabandika vipande vitatu kwa selotepu na kuandika kwa mwandiko mzuri: Ncha imepatikana. Iko kwa mshonaji. Akamgeuzia daftari atie sahihi. Mama Kola aliishika kalamu kwa ngumi ya mkono wa kulia, akachora kitu. Kabla wino haujakauka, msimamizi alikuwa ameshatoka, na kupitia ukutani laini ya tatu ikaanza kunguruma.

"Sasa sisi," alisema Afisa Utumishi.

Barua ilikuwa ya nusu ukurasa. Mwisho wa ajira kwa sababu za kiafya, kwa usalama wake mwenyewe na wa bidhaa, kuanzia leo saa moja asubuhi.

Mama Kola aliisoma mara mbili. "Saa moja asubuhi nilikuwa bado sijavunja sindano."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nilipojichoma sikuwa mfanyakazi."

"Ndivyo barua inavyosema."

"Na daftari? Nimetia sahihi sasa hivi, mshonaji."

"Daftari ni la sindano, dada yangu. Si la wafanyakazi."

Basi Mama Kola akaomba. Hakuwa ameomba mtu tangu aanze kuumwa, na alishangaa jinsi maneno yalivyokuwa karibu. Nihamishe. Niweke nifagie. Niweke getini nihesabu watu. Zimebaki mbili tu, Alhamisi hii na nyingine baada ya wiki tatu, nisaidie nifike hapo, halafu nitaondoka mwenyewe, hutasikia neno. Nina binti. Alisema yote hayo mkono wa kushoto ukiwa umeinuliwa juu, damu inateremka ndani ya mkono wa koti. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anajua kusikiliza.

"Ningekuwa na uwezo, ningefanya," alisema. "Nisainie hapa. Na kadi."

"Kadi ndiyo itakayotoa hii ncha."

"Kadi ni mali ya kiwanda."

Kadi ilikuwa mfuko wa kifuani, chini ya kifungo cha tatu. Mama Kola alijaribu kukifungua kwa mkono mmoja. Alijaribu sana. Mwishowe Afisa aliinuka, akasema samahani, akamfungulia, akaichukua.

Hakupitishwa ukumbini. Walimtoa kwa mlango wa mizigo, lakini hata kutokea huko aliuona ule ubao, na ubao ulisema 212.

Getini kulikuwa na mlinzi wa makamo, na Mbwa wa pili, wa kukagua wanaotoka, maana mikasi huibwa. Alimpitisha mgongoni, kiunoni. Alipofika kwenye mkono ulioinuliwa, Mbwa akabweka.

"Una nini mkononi, mama?"

"Sindano."

"Ya nani?"

Alifikiri angemjibu nini. "Ya kiwanda."

"Kibali cha kutoka nayo?"

"Imo kidoleni, baba. Imeandikwa kwenye daftari."

Mlinzi aliangalia kitambaa chenye damu alichofungwa kidoleni stoo, akauma mdomo. Hakuwa mtu mbaya. Alimsogezea benchi lake mwenyewe. "Kaa hapo pembeni. Mimi bila kibali siwezi kuruhusu chuma kitoke, nitafukuzwa kazi. Ngoja niwapigie laini ya tatu."

Akapiga. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Hawapokei," alisema. "Wanafidia muda."

Mama Kola alikaa kwenye benchi, koti limefunguka kifungo kimoja, mkono juu. Damu ilikuwa imefika kwenye kiwiko. Alijua kwa kuiona. Malori mawili ya mashati yalifika, mlinzi akatazama karatasi zao, akafungua geti, yakapita.

"Shusha mkono, mama," alisema mlinzi, akibonyeza namba ile ile. "Nimeshakuona."